Siku Mwalimu Luhende Aliponyamaza

Mratibu wa Elimu alisubiri walimu wote wakae, ndipo akatoa karatasi mfukoni. Alisema kabla ya kufungua mkutano angependa kuwasomea jibu la mtahiniwa mmoja wa mtihani wa kupanda daraja. Jina hatalitaja, kwa kuwa si vizuri kumwaibisha mwenzao. Swali lilimtaka mtahiniwa aeleze sababu za mmomonyoko wa udongo. Mratibu akakohoa kidogo, akasoma.

"Mmomonyoko wa udongo ni hali ya udongo wa juu kuchukuliwa na maji au upepo. Tazama picha iliyo hapo juu. Je, umewahi kuona korongo karibu na nyumbani kwenu? Mweleze mwalimu wako. Mazoezi. Swali la kwanza."

Walimu walicheka mpaka benchi la nyuma likaegemea ukuta. Mwalimu Januarius Luhende wa kijiji cha Migato naye alicheka, tena kwa nguvu, akijua kwamba asiyecheka ndiye atakayejulikana. Lakini alipogeuka kufuta machozi ya kicheko aliwakuta wenzake wanamtazama yeye. Katika tarafa nzima alikuwapo mwalimu mmoja tu aliyeweza kukariri kitabu pamoja na mazoezi yake.

Mratibu alikunja karatasi. Sasa hakuwa anacheka. Aliwakumbusha kwamba mambo yamebadilika: pamba inanunuliwa na kila mwenye lori, viwanda vinauzwa, na serikali inapunguza watu. Walimu wa UPE wa daraja la C, walioingia kazini na cheti cha darasa la saba, walishapewa nafasi mara moja, na sasa wanapewa ya mwisho. Mtihani ni baada ya msimu wa pamba.

"Atakayeshindwa safari hii," alisema, "jembe lipo."

Njia nzima kutoka mkutanoni Lagangabilili, Luhende alikanyaga baiskeli akiliwaza hilo jembe. Kulima hakukumtisha, alilima kila mwaka, na pamba yake haikuwa mbaya. Kilichomtisha ni jina. Alikuwa akiitwa Mwalimu tangu ndevu hazijaota. Ng'ombe wake walikuwa ng'ombe wa Mwalimu, mkewe alikuwa mke wa Mwalimu, na mama yake mzazi mbele ya wageni alimwita Mwalimu. Wakimwondolea hilo, watu wa Migato watamwitaje? Lori la mnunuzi wa pamba lilimpita likamfunika kwa vumbi, na utingo mmoja akampungia mkono akisema, "Pole, Mwalimu." Luhende aliona kama anaagwa.

*

Migato, kusoma kulikuwa ni sauti. Luhende alifundishwa hivyo, naye akafundisha hivyo. Darasa linalosikika hadi barabarani ndilo lenye mwalimu; lililo kimya, Mwalimu Mkuu huliendea na fimbo. Nyumbani nako, kila siku baada ya chakula cha mchana, Luhende alitoa kiti cha kukunja, akakiweka kwenye kivuli cha kihenge cha nafaka, akafungua kitabu na kusoma kama mtu anayenadi madume mnadani.

Nyumba nzima iliishi kwa sauti hiyo. Milembe, mkewe, alipima nayo mapishi: akiinjika maharage mwanzo wa sura ya tatu, yanaiva mwisho wa sura ya tano. Mama yake, Bibi Nyanjige, alilala usingizi mtamu juu ya ngozi ya ng'ombe na kuamka pale tu msomaji alipogeuza ukurasa. Na jirani yao Nyanda, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule, kila alipowarudisha kutoka majini alisimama nje ya uzio wa minyaa, akaegemea fimbo yake na kusikiliza sura ya udongo.

"Maneno mazito," alikuwa akisema, na kutikisa kichwa kwa heshima. Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wakaendelea.

Siku ile Luhende aliporudi kutoka mkutanoni hakutoa kiti. Milembe alikuwa uani akichambua pamba, iliyo safi upande huu na fifi, ile yenye madoa, upande ule, akamwona mumewe ameegemeza baiskeli na kuisahau. Alimuuliza kulikoni. Alipoelezwa, hakucheka, ingawa ile ya "Mweleze mwalimu wako" ilimlazimu ainame akaokote pamba ambayo haikuwa imeanguka.

"Nenda kwa Eufrasia," alisema baadaye.

"Eufrasia yupi? Huyu binti wa Malimi mnunuzi wa pamba?"

"Amemaliza kidato cha sita. Anafundisha twisheni pale Lagangabilili, kwenye ghala la baba yake."

"Mama Salu, mimi ndiye niliyemfundisha yule mtoto kusoma."

"Ndiyo nakwambia umfuate, akurudishie."

*

Ghala la Malimi zamani lilikuwa la chama cha msingi. Nusu moja ilijaa pamba, nusu nyingine wanafunzi wa sekondari waliokaa juu ya magunia. Luhende aliingia na jogoo kwapani. Eufrasia alipomwona alipiga magoti palepale mbele ya wanafunzi wake. "Shikamoo, Mwalimu." Luhende akaitikia marahaba, akatamani ardhi immeze pamoja na jogoo.

Alisubiri vijana watoke ndipo akaeleza shida yake. Eufrasia alimpa gunia akae, akafungua kitabu cha udongo na kumwomba asome ukurasa mmoja. Hapo Luhende alirudiwa na nguvu. Alisoma. Jogoo aliyefungwa miguu alijaribu kuruka, na Malimi akachungulia kuona nani anagombana na binti yake.

"Umesoma vizuri sana, Mwalimu," Eufrasia alisema. Akakifunga kitabu. "Sasa niambie kinasema nini."

Luhende akaanza: "Mmomonyoko wa udongo ni hali ya udongo wa juu..."

"Hapana, Mwalimu. Niambie wewe."

Luhende alifungua mdomo. Maneno yote ya ukurasa ule yalikuwamo, yamejipanga mstari kama watoto wa darasa la kwanza, lakini hakuna hata moja lililokubali kutoka peke yake. Akaufunga. Jasho lilimtoka, na Eufrasia, aliyemwona miaka mingi akiwa amesimama mbele na chaki, alitazama chini ili asimwone akiwa hivyo.

Alimsimulia yaliyompata mwenyewe. Alipofika sekondari kule bweni la wasichana, jioni ya kwanza alifungua kitabu na kusoma kama alivyofundishwa Migato. Wenzake walimvumilia kidogo, kisha wakamrushia kandambili. Muhula mzima alisoma kwa hofu, mdomo umefungwa, na ndipo siku moja akagundua kwamba anaelewa.

"Sauti ilikuwa inakula nguvu zote, Mwalimu. Macho yakisoma na mdomo ukitangaza, akili inakaa pembeni kama mgeni."

Akamwelekeza. Kabla hajasoma, ajiulize anatafuta nini. Asome kwa macho, aya moja tu. Afunge kitabu, ajieleze kwa maneno ya kwake, hata kwa Kisukuma. Akishindwa, arudi kuangalia pale alipokwama, si mwanzo wa sura. Luhende aliitikia kwa kichwa kila neno. Akauliza jambo moja tu: je, mdomo ukianza wenyewe?

Eufrasia alifikiri. Akasema atafute namna ya kuuzuia.

*

Namna aliyoitafuta Luhende ilikuwa maji. Kesho yake baada ya chakula alitoa kiti, akaweka kata ya maji kando, akapiga funda kubwa na kulibakiza mashavuni. Akafungua kitabu. Mara mbili mdomo ulitaka kutangaza na mara mbili maji yakamkumbusha. Kwa mara ya kwanza tangu anunue kiti kile, kivuli cha kihenge kilikuwa kimya.

Bibi Nyanjige aliamka. Kilichomwamsha hakukijua, aliona tu kuna kitu kimepungua duniani. Jikoni Milembe alingoja sura ya tano iishe, ikakataa kuisha, na aliponusa maharage yalikuwa yameshaungua. Salu, binti yao wa darasa la sita, alichungulia mlangoni akamwona baba yake amevimba mashavu, amekodolea macho karatasi, hatikisiki. Akarudi ndani taratibu.

Ndipo Nyanda akafika na ng'ombe wake. Akaegemea fimbo, akasubiri maneno mazito. Hayakuja. Akasalimia.

"Mwadila, Mwalimu."

Luhende aliinua mkono.

Nyanda alidhani hakusikika. Akasalimia tena, safari hii akiutaja na ukoo, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Luhende aliinua mikono miwili, akainamisha kichwa, akanyoosha kidole kwenye mashavu yake, kisha kwenye kitabu. Kumeza hakuweza, lilikuwa funda kubwa, na alikuwa katikati ya aya aliyokuwa, kwa mara ya kwanza maishani, anaielewa.

Mtu asipoitikia salamu Migato, ama anakuchukia ama anaumwa. Nyanda alipima yote mawili, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akachagua la pili. Aliwapeleka ng'ombe mbio. Kabla jua halijashuka, upande wote ule ulishajua kwamba Mwalimu Luhende taya limemkaza, macho yamemtoka, na bado ameng'ang'ania kitabu.

*

Walikuja wengi. Wanawake walikuja na uji wa mtama, laini, wa mtu asiyeweza kutafuna. Joakim, katekista, alikuja na rozari na maji ya baraka, akayaweka kando ya ile kata ya maji mengine. Bibi Nyanjige alishaamua kwamba ni babu wa marehemu mumewe, aliyekufa akilalamika kuwa hakuna anayemsikiliza, na sasa amekuja kumnyamazisha kitukuu. Anataka mbuzi mweusi. Joakim alisema kwa upole kwamba mbuzi asubiri. Bibi akasema babu naye alikuwa akiambiwa asubiri.

Milembe alikuwa amesimama kati yao, hajui ashike rozari au akafungue mbuzi. Alimjua mumewe. Alimwona anavyogeuza macho, akaona hayo si macho ya mgonjwa, ni ya mtu aliyefumaniwa.

"Baba Salu," alisema, "kama unaweza kumeza, meza."

Luhende akameza. Sauti ya lile funda ilisikika hadi nje ya uzio.

"Mwadila, Nyanda," akasema. "Samahani. Nilikuwa nasoma."

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja aliushusha uji wake polepole, kama anayeona aibu kwa niaba ya bakuli. Nyanda aliuliza kama alikuwa anasoma, mbona hawakusikia kitu. Luhende akaeleza kuhusu mtihani, kuhusu Eufrasia, kuhusu kusoma kwa macho. Alieleza kila kitu isipokuwa jembe. Bibi Nyanjige alisikiliza hadi mwisho, akauliza kusoma kwa namna hiyo nani sasa anafaidi.

"Mimi, mayu," alimjibu mama yake. "Naelewa."

"Na sisi?"

"Huo si usomaji," Nyanda alisema. "Huo ni uchoyo."

Wote wakakubaliana naye. Kwa muda mrefu walikuwa wakisikia kitabu cha Mwalimu bure, sasa amekifungia kinywani. Kukosa usingizi tu kulimtosha Bibi kulalamika. Mmoja akasema, kama kweli ameelewa, basi awaambie, maana wameacha kazi zao na uji umepoa.

Luhende akasimama, akakunja mikono nyuma. "Mmomonyoko wa udongo ni hali ya..."

"Hiyo tunaijua," Nyanda alimkatiza. "Hata ng'ombe wangu wanaijua. Tuambie inasema nini."

Yalikuwa maneno yaleyale ya Eufrasia, lakini hapa hapakuwa na pa kujificha. Luhende alitazama kitabu kilichofungwa. Alitazama nyuma ya zizi, kwenye korongo lililokuwa likila uwanja wake kila masika, ambalo mwaka jana lilimmeza ndama. Akaanza kwa Kisukuma, taratibu, kama anayepita njia yenye miiba.

Akasema: mnaliona lile korongo? Kitabu kinasema halikuja lenyewe. Ardhi ina ngozi yake, na ngozi hiyo ni nyasi. Nyasi zikiisha, mvua inakuta udongo uchi, inaubeba. Na nyasi zinaisha kwa kukata miti, kwa kuchoma moto, kwa kulima kufuata mteremko. Na kwa ng'ombe kuwa wengi kuliko malisho.

"Ng'ombe wa nani?" Nyanda aliuliza.

"Ng'ombe wowote. Kitabu kinasema mwenye ng'ombe wengi apunguze."

Nyanda alitazama kitabu, akamtazama Luhende, akakitazama tena kitabu. Kilichompanda usoni kilikuwa ni hesabu ya jioni zote alizoegemea fimbo nje ya uzio ule.

"Mwalimu," alisema, "mwaka mzima umekuwa ukinitukana mlangoni kwako, na mimi nasema maneno mazito?"

Milembe alikimbilia jikoni. Kilio kilichosikika huko hakikuwa kilio.

Luhende aliapa kwamba hakujua. Na hili ndilo lililomchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amekisoma kile kifungu kwa sauti ya kutikisa kihenge, zizi lake mwenyewe likiwa upande huu na korongo upande ule, na hakuwahi kuona kwamba kitabu kinazungumza habari za nyumbani kwake.

*

Nyanda alirudi kesho yake, bila ng'ombe. Alikuja kugombana na kitabu.

Alikuwa amelala akitafuta hoja, akaja nazo. Ng'ombe wa baba yake na babu yake walipita palepale, korongo halikuwapo. Korongo limekuja na malori ya pamba, tangu wanunuzi walipojichongea barabara yao ya mkato mteremkoni. Kitabu kinasemaje kuhusu malori? Luhende alimwomba angoje, akapiga funda lake la maji, akasoma. Alisoma akitafuta malori. Hakuyaona, lakini aliona aya nzima juu ya maji yanayokusanyika kwenye njia iliyokanyagwa, ambayo alikuwa ameipita mara zisizohesabika kama mtu anayepita nyumba ya adui. Akameza, akamwambia Nyanda kwamba ana haki kwa sehemu. Nyanda akauliza sehemu gani. Luhende akapiga funda jingine.

Ikawa ndiyo desturi. Waliokuja kumpa mgonjwa pole sasa walikuja kusikiliza kesi ya Nyanda na kitabu. Milembe hakuwa mjinga. Aliwaketisha uani katikati ya pamba yake, na mikono isiyo na kazi ikaanza kuchambua yenyewe, safi huku, fifi kule. Mabishano yalipoelekea kuisha, yeye ndiye aliyechokoza swali jipya. Pamba yake ilikuwa ya kwanza kufika kwa Malimi msimu ule, na ilikuwa safi.

Walipomaliza udongo waliingia maji, kisha malezi ya watoto, kisha historia. Bibi Nyanjige, aliyekuwa amechukia kunyimwa usingizi, aligeuka kuwa mkali kuliko wote. Hakutaka tarehe. Alitaka kujua kila mtu wa kwenye historia ni mtoto wa nani, alitaka nini, na alipokosa alifanya nini. Luhende akikosa jibu, Bibi alimtazama mwanawe kwa huruma na kumwambia, "Rudi ukamuulize tena, ng'wanawane." Naye alirudi kitabuni.

Hata maji aliyaacha. Hakukumbuka siku aliyoyaacha. Siku moja tu Salu alimletea kata, akamkuta anasoma na mdomo mtupu, umefungwa, na kidole kimetulia mahali pamoja. Salu alikaa chini pembeni yake na kitabu chake cha shule. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Baba yake, bila kusema neno, alisogeza kata kwake.

*

Mtihani ulifanyiwa mjini Bariadi, kwenye bwalo la shule moja karibu na Somanda. Luhende alilala kwa ndugu wa Milembe, akaamka mapema, akafua shati likiwa tayari safi. Katika foleni alikutana na walimu waliocheka siku ya mkutano. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa akinong'ona kitabu chake, macho yamefumbwa, kama watu wanaosali kwa miungu tofauti.

Msimamizi aligawa karatasi akaamuru kimya. Kimya hicho ndicho kilichomwangusha Luhende mwaka uliopita. Safari hii kilikuwa kama kivuli cha kihenge.

Swali la udongo lilikuwapo. Liligeuzwa kidogo: eleza sababu za mmomonyoko wa udongo, ukitoa mifano ya mahali unapopafahamu. Kando yake mwalimu mmoja alivuta pumzi, akaanza kuandika haraka, na Luhende alijua kwamba muda si mrefu mwenzake huyo atamwomba msahihishaji atazame picha. Akamhurumia. Naye mwenyewe maneno yale yalimjia, yamejipanga mstari, yakingoja aseme "anza". Aliyaacha yasimame. Badala yake alimkumbuka Nyanda na vidole vyake vilivyojaa pamba.

Akaandika kwamba kwao Migato kuna korongo, na kuna watu wawili wanaobishana kuhusu chanzo chake. Mmoja anasema ni ng'ombe, mwingine anasema ni malori. Akaeleza kila mmoja ana haki wapi na amekosea wapi, nyasi zinafanya nini, njia iliyokanyagwa inafanya nini. Akaandika kwamba yeye mwenyewe ameshapanda minyaa na makonge ukingoni, na kwamba yule mwenye ng'ombe wengi amekataa katakata kuwapunguza ila amekubali kubadili njia ya kwenda majini, jambo ambalo ni mwanzo. Alipoinua kichwa, bwalo lilikuwa limebaki na watu wachache na msimamizi alikuwa amesimama juu yake.

"Muda umekwisha, Mwalimu," alisema.

Luhende aliomba radhi. Alikuwa amesahau kwamba ni mtihani.

*

Majina ya waliofaulu yalibandikwa wakati mahindi yakiwa magotini. Luhende hakuwa wa kwanza wala wa pili. Lakini alikuwapo, na Mratibu alimpa mkono mbele ya watu, akamwomba amweleze pembeni mwenye ng'ombe wengi amefikia wapi. Nyumbani Milembe alisonga ugali mkubwa, na Bibi Nyanjige aliwapokea wageni akisema, "Mwalimu yuko ndani," kwa sauti ya kufika barabarani. Nyanda alileta maziwa. Alisema hayo ni ya Mwalimu, si ya kitabu. Kitabu bado hajakisamehe.

Jumatatu iliyofuata Luhende aliingia darasa la saba, alilokuwamo sasa Salu, akafuta ubao wote na kuandika kisa alichokitunga mwenyewe. Kilikuwa kifupi. Kilimhusu mtu mmoja aliyesikiliza kitabu kikisomwa kila siku nje ya uzio wa jirani yake, akakisifu mwaka mzima, mpaka siku alipoelezwa maana yake. Mstari wa mwisho ulisema alichofanya mtu huyo: aliomba aazimwe kitabu kile siku moja tu, awape ng'ombe wake wakile, kwa kuwa wao ndio waliotukanwa.

Watoto walivuta pumzi wote kwa pamoja ili waanze kusoma. Luhende aliinua mkono. Aliwaambia leo wasome kwa macho. Walidhani ni adhabu. Wakatazamana, wakatazama ubao, na darasa la Mwalimu Luhende likanyamaza.

Ofisini, Mwalimu Mkuu alisimamisha kalamu. Alisikiliza. Darasa la nne lilikuwa likitangaza, la tano likitangaza, na la saba halina mwalimu. Akachukua fimbo.

Alipofika mlangoni alimkuta Luhende amekaa kwenye dawati la nyuma, mikono magotini, na vichwa vyote vya watoto vimeinuliwa ubaoni. Alifungua mdomo ili aulize. Kabla hajauliza, Salu alicheka. Akajiziba mdomo haraka, lakini mvulana wa dirishani naye akawa amefika mstari wa mwisho, akaangua kicheko, kisha wawili wa mbele, kisha benchi zima la ukutani, kila mmoja kwa wakati wake, kama mvua inavyoanza kwenye bati.

Mwalimu Mkuu alishusha fimbo. Aligeukia ubao kuona kuna nini, akaanza kusoma. Luhende alimtazama midomo yake ikienda polepole, neno kwa neno, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watoto nao walimwona. Wakanyamaza, wakageuka wote kumtazama, wameuma midomo, wakimngoja afike.